Kabla hujafunga spika kwenye boksi uliyojitengenezea

Boksi ishakatwa, gundi ishakauka, wufa (spika ya besi) ya inchi 12 iko mezani, hapo ndio mikono inawasha mtu anataka aifunge asikie. Ngoja kwanza. Mimi huku Kampala nimefungua maboksi mengi, ya kanisa, ya vibanda vya video, na mara nyingi besi ikikosekana spika yenyewe ni nzima kabisa, ni hewa tu inavuja mahali haikupangiwa.

Koni, ile karatasi ya spika inayotikisika, ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta, kwa hiyo sauti hizo mbili zinapingana na zikikutana zinauana, besi ndio inakufa kwanza maana wimbi lake ni refu, la 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde) linafika karibu mita 7. Boksi iko pale kuzitenganisha. Na usiseme aah yangu ina bomba la besi, si tayari ina tundu, lile bomba limepigiwa hesabu, ufa haukupigiwa.

Anza na tundu la spika. Usiamini kipimo cha kuambiwa, pima spika uliyonayo mkononi, acha nafasi kama milimita 2 hivi iingie bila kulazimishwa, ukizidisha sana fremu inakosa pa kukalia na matundu ya bolti yanaangukia ukingoni mbao inapasuka. Kisha weka rula juu ya ubao pale fremu itakapokaa, kama kuna kilima piga msasa. Hii watu wanaruka na ndio inaumiza, kwa sababu fremu ya bati ukiikaza juu ya ubao uliopinda inajikunja, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inaanza kukwaruza ndani, unadhani spika imeungua kumbe umeikunja mwenyewe.

Sasa raba ya kuzibia. Spika nyingi zina duara la karatasi ngumu au koki (ile ya vizibo vya chupa) kwa mbele, wengi wanaona hilo wanasema basi imeshazibwa. Hapana, hilo linaziba kama spika inafungwa kutokea ndani ya boksi, wewe ukiifunga kutokea nje, nyuma ya fremu ni bati tupu linagusa mbao. Tafuta sponji ya utepe isiyopitisha hewa, ipulizie kwa mdomo, pumzi ikitokea upande wa pili hiyo ni ya kuoshea vyombo. Ukikosa, ile raba laini ya ndala ikiwa nyembamba, milimita 2 au 3, inafanya kazi vizuri sana. Ipite duara lote bila kukatika, na ncha zikikutana zikate mshazari zilaliane.

Silikoni, gundi ya raba ya kuzibia, iweke kwenye kona za ndani na pale waya unapopita, sio chini ya spika, maana siku ikiungua utaing'oa na vipande vya mbao. Ile inayonuka kama siki inatoa asidi inayokula shaba, kwa hiyo ipake boksi ikiwa tupu, iache wazi siku nzima, spika ije baadaye. Miezi ya mvua, kama Machi mpaka Mei, gundi ya mbao nayo ipe muda zaidi, na kingo za MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) zipake rangi kabla hazijanywa maji.

Bolti. Kama boksi itapanda pikapu kwenda kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) Masaka na kurudi, skrubu za mbao hazitadumu, hasa kwenye MDF. Tumia nati zenye meno zinazogongwa nyuma ya ubao, na uzigonge mapema kabla hujafunga ukuta wa mwisho, ukiwa bado unafika ndani, na gundi kidogo zisizunguke. Matundu yote toboa spika ikiwa mbali kabisa, hata chumba kingine, maana sumaku inavuta vumbi la chuma na likishaingia kwenye nafasi ya koili kulitoa ni kazi. Sumaku hiyohiyo inavuta bisibisi, nilishatoboa koni mpya hivyo, iliniuma sana, tangu siku hiyo mkono wa pili unakaa juu ya koni kila ninapokaza. Kaza kwa msalaba, moja na inayotazamana nayo, kidogo kidogo, raba ikibonyea tu acha.

Twita (spika ndogo za sauti nyembamba) nyingi zimezibwa nyuma, hazina shida. Spika ya sauti za kati iliyo wazi nyuma ijengee chumba chake, la sivyo wufa itaipiga.

Kabla ya kukaza mwisho gusisha betri ya volti 1.5 kwenye waya za spika, chanya kwa chanya, koni zote zitoke mbele pamoja. Halafu boksi isiyo na bomba, bonyeza koni taratibu kwa vidole vyote ukiachia: ikirudi polepole umeziba, ikiruka papo hapo kuna mwanya. Yenye bomba, cheza toni ya 30 Hz kwa sauti ya chini, pitisha udi unaofuka kando ya fremu, na moshi ukicheza mahali popote mbali na bomba, fungua bolti za upande huo uangalie raba.