Jinsi ya kujitambulisha kwa wasomaji unapotoa simulizi mpya ya mapenzi

Msomaji wa simulizi za mapenzi ana hofu moja inayozidi zote: kwamba atalipia, ataingia kwenye gurupu, atawazoea wahusika, halafu kufika sehemu ya 15 mtunzi apotee. Simu haipokelewi, admini kafunga gurupu watu wasiandike, na msichana wa hadithi yuko mlangoni na sanduku lake hadi leo hajajulikana kama aliondoka au alirudi ndani. Wasomaji wengi wa WhatsApp na Facebook wameshaachwa hivyo, wengine zaidi ya mara moja. Ukija na jina geni na hadithi mpya, kitu cha kwanza wanachokitafuta kwako ni dalili kwamba utafika mwisho. Utamu wa maneno watauonja baadaye.

Mimi ni fundi cherehani, nashona nguo za harusi Ngamiani, Tanga, na usiku naandika. Haya ninayoyaeleza ndiyo ninayoyafanya kila ninapotoa simulizi, na ndiyo ninayowaambia wadogo zangu katika kazi hii wanaponiuliza waanzie wapi.

Anzia mwishoni. Maliza kuandika hadithi nzima kabla hujaweka hata mstari mmoja hadharani, kisha liseme hilo kwenye tangazo lako la kwanza kabisa: "Simulizi hii imekamilika. Ina sehemu 30. Zitatoka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa 3 usiku, kwa wiki 10." Sentensi hizo zina nguvu kuliko picha ya kava. Msomaji akishajua lini itaisha, anapanga. Mwingine atasema ninasubiri ziishe nisome zote kwa mkupuo, naye mkaribishe, mwambie tarehe. Ukiangukia Ramadhani, sogeza saa, maana saa 3 watu wako tarawehe. Na kama una wasomaji Muscat, kumbuka wako mbele yetu kwa saa moja. Sehemu ukiichelewesha hadi saa 5 hapa, kule ni saa 6 ya usiku na mtu ana kazi alfajiri.

Sasa wewe mwenyewe. Utambulisho wa watunzi wengi unakwenda hivi: "Naitwa fulani, mzaliwa wa mkoa fulani, nilisoma shule ya msingi fulani, napenda kuandika tangu utotoni, karibuni kwenye kipaji changu." Hakuna ubaya, ila ukiyabadilisha majina tu tangazo hilo linamfaa mtu yeyote. Msomaji wa mapenzi anataka kujua jicho lako linatazamia wapi. Unawajua watu gani? Umekaa karibu na mambo gani ya watu? Mimi huandika hivi:

"Nashona nguo za harusi barabara ya 12, Ngamiani. Mwanamke anayepimwa gauni huzungumza, na mimi husikiliza. Naandika mapenzi ya watu wazima: waliooa, walioachana, waliokata tamaa wakapendwa tena. Siandiki siri ya mteja wangu yeyote, ila najua moyo wa mtu unavyosema akiwa mbele ya kioo."

Basi, inatosha. Kama wewe ni muuguzi wa zamu za usiku, sema. Kama ni mke wa dereva wa malori anayekwenda Tunduma na kurudi, sema, kwa sababu kusubiri unakujua kuliko sisi. Mwalimu wa sekondari, muuza mitumba Karume, kijana anayesoma chuo Dodoma, kila mmoja ana pembe yake ya kuyaona mapenzi na hiyo ndiyo bidhaa yake. Umri, elimu na tuzo viache viulizwe. Jina la kalamu linaruhusiwa, na katika fani hii wengi wanalo, ila lichague moja ukae nalo. Ukibadilisha jina kila simulizi, unaanza upya kila mara kutafuta imani ya watu.

Baada ya hapo inakuja hadithi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapowachosha watu. "Ni simulizi kali ya mapenzi, usaliti, machozi na visasi, usikose!" Machozi ya nani? Usaliti upi? Maneno makubwa hayashiki akilini. Mpe msomaji mtu mmoja, mahali, na kitu kinachombana mtu huyo asiweze kuondoka. Huu ni mfano wa simulizi yangu moja:

"Zuhura ana miaka 34 na talaka moja. Anaishi Chumbageni na binti yake, anapika vyakula vya harusi. Mwezi wa Shaabani analetewa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kuzipata: pilau la watu 400. Nusu ya malipo imetangulia, na ameshailipia ada ya mtoto. Ndipo anapoambiwa jina la bwana harusi. Ni yule aliyemwacha. Na anayeleta mchele na nyama ni kaka wa bibi harusi, mwanamume mpole wa Pangani, ambaye kila akishusha gunia hutafuta sababu ya kukaa."

Tazama ile ada ya mtoto. Ukiiondoa, hadithi inakufa, kwa sababu Zuhura angeikataa kazi na kulala zake. Pesa imeshatumika, kwa hiyo lazima asimame jikoni kwa mtalaka wake, na lazima amwone huyo wa Pangani kila siku. Kwenye mapenzi msomaji anauliza maswali mawili: nini kinawaleta pamoja, na nini kinawazuia. Tangazo lako likijibu yote mawili kwa mistari sita, umemaliza. Mwezi wa Shaabani nao una kazi yake, kwani kila mtu wa pwani anajua harusi zinavyobanana kabla ya mfungo, na mpishi anavyokimbizana na siku.

Halafu nyamaza hapo. Usiseme kama watarudiana. Usiseme "mwisho wake utakutoa machozi". Na usiahidi kisichomo: kama hakuna harusi ya Zuhura ndani ya kitabu, usiweke shela kwenye kava.

Kuhusu jina la simulizi, lifanye kama jina la khanga: mtu alisome mara moja, na jioni aweze kumwambia shoga yake bila kutazama simu. Likihitaji maelezo, tafuta jingine.

Kuna jambo ambalo watunzi huliona aibu kulisema, nami naliona la heshima. Sema mapema kama kazi yako ni simulizi ya kawaida au ni chombezo, yaani hadithi inayoingia chumbani kwa undani. Msomaji wa chombezo anajua anachokitafuta; msomaji wa simulizi huenda anasoma ndani ya daladala, au anawasomea wenzake kwa sauti saluni, na ukimtupia chumba cha kulala bila taarifa umemfedhehesha. Andika wazi: "Ina maneno ya mahaba, haina mambo ya chumbani kwa undani," au "Ni ya watu wazima, miaka 18 na kuendelea." Na ujue mpaka ulipo: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza ponografia, na kuiita simulizi hakukukingi. Mapenzi yana nafasi kubwa sana ya kuandikwa bila kufika huko. Mkono unaoshika ndoo ya mchele upande mmoja na mkono mwingine upande wa pili, hapo tayari kuna moto.

Sehemu ya kwanza itoe bure, na uitoe nzima. Vipande vya mistari minne vyenye "inaendelea kwenye inbox" vinaudhi. Maneno 1,000 hivi yanatosha msomaji aisikie sauti yako, amjue Zuhura, na afike pale anapotajiwa jina. Wale tuliokulia kwenye magazeti na majarida kama Sani tunaikumbuka ile "itaendelea toleo lijalo" ilivyotuuma. Iliuma kwa sababu ukurasa mzima ulikuwa umeshatushika. Hamu hiyo ya kutaka kuendelea, siku hizi wasomaji wanaiita arosto. Arosto haiji kwa kukatiwa, inakuja kwa kulishwa vizuri kwanza.

Ukiwa na sauti inayosikika, rekodi aya moja au mbili uzitume pamoja na maandishi. Zima feni, funga dirisha la barabarani, soma polepole kama unamsimulia mtu aliyekaa mkekani. Wasomaji wangu wengi husikiliza huku wakipika au wakikunja nguo. Sauti yako inamhakikishia pia kwamba nyuma ya jina la kalamu kuna mtu.

Malipo yaeleze kwa unyoofu. Bei moja, iandikwe: "Simulizi kamili Sh 3,000." Kuna kitu kidogo kinachofukuza wanunuzi wengi. Mtu akilipa kwa M-Pesa au mtandao mwingine, kabla hajaweka namba ya siri anaoneshwa jina la mpokeaji. Yeye alikuwa anamlipa "Malkia wa Huba", simu inamwonesha jina la mtu asiyemjua kabisa. Anasita, anaghairi, hakwambii. Kwa hiyo andika chini ya namba jina litakalotokea, kama lilivyosajiliwa, herufi kwa herufi. Kama hutaki jina lako lijulikane, tumia Lipa Namba yenye jina la biashara. Msomaji aliye Oman mara nyingi hulipiwa na ndugu yake aliye nyumbani, basi mwombe akutumie skrinishoti ya muamala na jina la aliyetuma, usije ukamdai mtu aliyekwisha kulipa.

Waombe pia waihifadhi namba yako, na uwaeleze kwa nini. Kwenye WhatsApp, orodha ya matangazo (broadcast) inabeba watu 256, na ujumbe unawafikia wale tu waliohifadhi namba yako. Mtu anaweza kuwa amelipa na kila siku analalamika hapati sehemu mpya, kumbe hajakuhifadhi. Gurupu linabeba hadi watu 1,024, ila linahitaji admini mkali. Saa za usiku mtu mmoja akianza kutuma matangazo ya mikopo, wengine wanatoka kimyakimya. Stetasi nayo hukaa saa 24 tu, kwa hiyo tangazo la huko lirudie, kila mara kwa kipande tofauti cha hadithi.

Kila sehemu iandike jina lako na namba juu na chini, na pia katikati ya maandishi, kwa sababu wanaoiba kazi hukata kichwa na mkia kisha wanaforwadi kama yao. Kazi iliyokamilika isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ukitaka kuchapa kitabu cha karatasi, ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Chapa nakala chache kwanza. Mimi nakala zangu hukaa saluni na kwenye maduka ya vitambaa kabla ya kufika duka la vitabu, maana mwanamke anayesukwa rasta ana saa nne za kukaa kitini, na akisoma kurasa ishirini pale hawezi kukirudisha mezani. Mwenye saluni mpe asilimia yake bila kusubiri akukumbushe.

Utambulisho hauishi siku ya uzinduzi. Wakianza kusoma, watakuandikia. "Da' mtunzi, huyo wa Pangani ana mke?" "Usimrudishe kwa yule mwanaume, nakuomba." Jibu, hata kwa maneno matatu, bila kuvujisha kilichoko mbele. Majibu yako ndiyo yanayowafanya wakulete kwa dada zao na majirani zao.

Na watakuwepo watakaokuja pembeni, usiku sana, wakisema: hii ni yangu, hivi ndivyo nilivyoachwa. Wasome kwa makini, wajibu kwa upole, wala usiwageuze kuwa tangazo. Watunzi wanapenda kuposti skrinishoti za sifa, na mimi naposti, lakini kwanza namwomba mwenyewe ruhusa, naificha picha na namba yake, na neno lolote linaloweza kumtambulisha kwa mumewe au ndugu zake nalikata. Akisema hapana, au asipojibu, ujumbe ule unabaki kati yangu na yeye.