Pistoni ya masta ya breki imekwama? Soma kabla hujashika nyundo

Masta ni silinda inayosukuma mafuta ya breki kwenda magurudumuni ukikanyaga pedeli. Kwanza ulizia kama seti ya raba za masta hiyo ipo mjini. Ukifungua leo na raba zinasubiriwa kwa basi kutoka Dar, gari litalala juu ya mawe hapo uani na mwenyewe atakupigia simu kila asubuhi. Ninazungumza kwa uzoefu wa gereji ya hapa Mwanga, Kigoma.

Weka karibu koleo ya saklipu (ile pete ya chuma inayozuia pistoni isitoke), vaisi, spiriti, vitambaa safi na kopo la mafuta ya breki ambalo halijafunguliwa. Maji ya kutosha pia, maana mafuta ya breki hubabua rangi ya gari, na jichoni usiombe.

Halafu jiulize imekwama kwa nini. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewani, na yasipobadilishwa miaka na miaka, chuma huota kutu na aluminiamu hutoa unga mweupe. Lakini masta nyingi ninazoletewa zimeuawa na maji ya sabuni. Dereva yuko njiani na mzigo wa dagaa na mawese, mafuta yamepungua, anamimina maji ya sabuni na breki inashika. Siku hiyo inashika, ndiyo.

Ukishatoa saklipu, tazama ubavuni au chini ya masta: nyingi zina boliti dogo linalozuia pistoni ya pili, ile ya ndani zaidi. Litoe. Nimeshamkuta fundi mzima akigonga saa nzima huku boliti limekaa mahali pake.

Sasa kutoa pistoni kwa upepo wa kompresa. Hapa ndipo nilipofunzwa adabu. Pikapu ya mzee mmoja ilikuja pedeli imeshuka na hairudi. Nikaifungua masta, nikaloweka, nikagonga kwenye ubao, wapi. Nikaenda kwa jirani wa pancha, nikaelekeza bomba la kompresa kwenye tundu la paipu. Kimya. Nikaongeza upepo. Kimya. Nikainama nichungulie kama inasogea, na dogo wangu wa gereji akaniita, "Fundi, spana kumi na mbili iko wapi?" Niligeuza kichwa kumjibu. Pistoni ilipita pale pale uso wangu ulipokuwa, ikabonyeza debe tupu ukutani, na mafuta machafu yakanirukia shavu na jicho la kulia. Nilikaa bombani nikiosha jicho mpaka mzee mwenye gari akaacha kucheka na kuanza kuogopa. Dogo mpaka leo anadai soda.

Upepo hubanwa ukajikusanya kama springi, kwa hiyo pistoni ikiachia, nguvu yote inatoka nayo. Grisi haibanwi hivyo: pistoni ikisogea kidogo, msukumo unashuka hapo hapo. Siku hizi naifunga masta kwenye vaisi, naziba tundu la paipu la nyuma kwa boliti lenye nyuzi zile zile, la mbele nafunga nipo ya grisi (kichuchu cha kupitishia grisi ya pampu), kisha napampu taratibu. Pistoni iliyokwama ndani imeshapita vile vitundu vidogo vya kurudishia mafuta kwenye kikopo, hivyo grisi haina pa kukimbilia. Inatoka kama dawa ya meno. Uchafu wake ni mwingi, na lazima uoshe kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, maana grisi ikibaki itavimbisha raba mpya. Oili, dizeli na mawese ni vivyo hivyo. Raba zipakwe mafuta ya breki tu.

Pitisha ukucha ndani ya silinda. Ukikwama kwenye shimo la kutu, tupa masta, hata kama mwenye gari ananuna. Usiisugue kwa msasa ukidhani umeitengeneza.

Ukishaifunga, toa upepo ulionasa kwenye mafuta ndani ya masta ikiwa bado iko kwenye vaisi, kisha magurudumu yote. Hendibreki ikaguliwe kabla ya kujaribu gari, na ulijaribie tambarare. Usianze na mteremko wa kushukia stesheni, usibebe abiria wa kukusindikiza, na yule mwenye gari anayesema ana haraka akanywe chai kwanza.