Skolashipu za wanafunzi Weusi gei na lesbiani Marekani: anzia hapa

Kama we ni mwanafunzi Mweusi, gei au lesbiani, na uko Marekani, usingoje ada ikukabe ndo uanze kutafuta. Anza na Point Foundation, shirika linalotoa skolashipu kwa wanafunzi gei, lesbiani na wenzao, wapo tangu 2001, afu kama una uraia au grinkadi jaza FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa ada wa serikali ya Marekani, mapema, na uliza vikundi vya mjini kwenu maana hata hela ndogo inanunua vitabu. Kwenye insha ya kuombea skolashipu usiseme tu "nimepitia magumu", andika ulichofanya, kama ulimpa mwenzio aliyefukuzwa kwao pa kulala, sema. Na hili nakusihi mdogo wangu, kama nyumbani hawajui, uliza KABLA kama majina na picha za washindi zinatangazwa, na tumia imeili ambayo ndugu hawaifungui.