Beseni, kaveera na kasa

Nauza samaki hapa Masese, Jinja, na watoto wa jirani huniuliza: shangazi, Uganda haina bahari, kaveera letu (mfuko wa plastiki) litamdhuruje kasa? Basi nawaonyesha hivi.

Jaza beseni maji. Chukua kaveera jeupe, jembamba (lile la kufungia sukari ndilo zuri, jeusi halifai), lizamishe, kisha koroga taratibu kwa kidole. Tazama linavyopanuka na kujikunja. Kasa hula konyeza, mnyama laini asiye na mifupa, aeleaye hivyohivyo. Akiona kaveera analimeza. Halisagiki; huweza kuziba utumbo, naye akajiona ameshiba huku akifa njaa.

Halafu chukua mpira wa kufungia noti. Utie kwenye kidole gumba, uuzungushe nyuma ya kiganja hadi kidole cha mwisho. Uvue bila mkono wa pili wala meno! Ndivyo sili, mnyama wa baharini, anavyohangaika na kipande cha wavu wa nailoni shingoni, ila yeye anazidi kukua na wavu unamkata nyama.

Na umbali? Maji ya Jinja hushuka na Nile hadi Mediterania, zaidi ya kilomita 5,000. Mabwawa yapo njiani, sisemi kila kaveera hufika. Lakini hata ziwani kwetu, upande wa Mwanza, watafiti walikuta plastiki matumboni mwa sangara na sato.

Ukimaliza, maji mwagia mboga. Kaveera lianike, uniletee kesho nifungie mukene (dagaa).