Kupatwa kwa Jua na Mwezi: somo la balbu, ringi ya baiskeli na punje ya mtama

Jua hupatwa Mwezi unapopita kati yake na Dunia. Mwezi hupatwa unapoingia kwenye kivuli cha Dunia. Hilo wengi mnalijua. Kinachowasumbua watu ni swali linalofuata: mwezi huandama na kupevuka kila baada ya siku 29 na nusu, sasa mbona hatuoni kupatwa kila mara? Somo hili limeegemea hapo.

Wavuvi wa dagaa wa Kigoma wana nusu ya jibu tayari. Jua hupatwa siku za giza, zile ambazo usiku wake ziwa hujaa taa za mitumbwi. Mwezi hupatwa wakati wa mbalamwezi tu, nyavu zikiwa zimepumzishwa ufukweni.

Hatua ya 1: Kufunika balbu

Chukua balbu ya kawaida nyeupe yenye upana wa sentimita 6. Finyanga kidonge cha udongo cha sentimita 2, ukichomeke kwenye kijiti. Kaa mita 1.8 kutoka kwenye balbu, funga jicho moja, kisha shika kidonge sentimita 60 mbele ya jicho lililo wazi. Balbu itafunikwa sawasawa. Sogeza kidonge mpaka sentimita 66, na pembeni utaona mduara mwembamba wa mwanga umebaki. Huko ndiko kupatwa kwa pete, kama kulikoonekana Rujewa, mkoani Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016.

Jua lina upana wa takriban mara 400 ya Mwezi, na liko mbali takriban mara 400 zaidi, ndiyo maana machoni vinalingana. Ila Mwezi haukai umbali mmoja: husogea hadi kilomita 363,000 na kurudi nyuma hadi 405,000 hivi. Ukiwa mbali, haulifuniki Jua lote. Jaribio likikataa, pima upya kuanzia jichoni. Kosa la kawaida ni kupima kuanzia kifuani.

Hatua ya 2: Ringi

Hii ndiyo roho ya somo, msiirukie. Tafuta ringi ya baiskeli yenye upana wa sentimita 60 na kitu. Katikati yake ning'iniza kwa uzi kidonge cha sentimita 1. Hiyo ni Dunia. Kwenye ukingo bandika punje ndogo ya mtama. Huo ni Mwezi. Vipimo hivi vinakaribia sana hali halisi, kwa kuwa kati yetu na Mwezi zingepangika Dunia 30.

Sasa inua upande mmoja wa ringi sentimita 5 hivi. Huo ni mwinamo wa nyuzi 5, mwinamo wa kweli wa njia ya Mwezi. Ipeleke punje kwenye upande wa juu uitazame kwa karibu: iko zaidi ya sentimita 2.5 juu ya usawa wa katikati, wakati Dunia nzima ni sentimita 1 tu. Kivuli cha Dunia kinapita chini yake bila kuigusa. Miezi mingi huwa hivyo.

Beba ringi uizungushe taa, nao ndio mwaka. Wengi hukosea hapa kwa kugeuza mwinamo uifuate taa. Upande ulioinuliwa uelekee ukuta uleule, tuseme wa upande wa ziwa, mwanzo hadi mwisho. Utapata sehemu mbili tu ambapo taa, kidonge na punje hukaa kwenye mstari mmoja. Hayo ni majira ya kupatwa, na huja kila baada ya siku 173 hivi. Ndiyo maana mwaka 2025 Mwezi ulipatwa tarehe 7 Septemba, na Jua likafuata tarehe 21.

Hatua ya 3: Kutazama Jua bila kuumia macho

Toboa karatasi ngumu kwa pini, tundu la milimita 1. Lipe Jua mgongo, uache mwanga upite kwenye tundu uangukie karatasi nyeupe mita 1 mbele. Sura ya Jua itakuwa na upana wa milimita 9. Usichungulie tunduni. Tundu likiwa kubwa, utaona umbo la tundu badala ya umbo la Jua. Mwenye nyumba ya bati lililotobolewa na msumari anacho chombo hiki tayari: kutoka mita 3 juu, sakafuni huanguka kiduara cha karibu sentimita 3, cha mviringo hata kama tundu limechanika vibaya. Jua likipatwa, kiduara hicho huliwa upande mmoja. Vivyo hivyo chini ya mwembe, mianya ya majani humwaga hilali nyingi ardhini.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Kutazama Jua kwenye beseni la maji ni salama?*

Marahaba. Hapana. Jua likiwa juu, maji hurudisha sehemu 2 hivi kati ya 100 za mwanga. Kichujio salama hupitisha chini ya sehemu 1 kati ya 30,000. Filamu ya eksirei na kioo cha masizi navyo viacheni. Kioo cha kuchomelea kiwe namba 14. Ndani kabisa ya jicho hakuna maumivu, hivyo mtu huungua bila kujua.

*Mbona Mwezi unapopatwa huwa mwekundu badala ya kuzimika?*

Hewa ya Dunia hupinda mwanga wa Jua na kuuingiza kivulini. Mwanga wa buluu hutawanyika njiani, mwekundu hupenya. Ni wekundu uleule wa jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo.

*Kwa nini Mwezi tunauona ukipatwa mara nyingi kuliko Jua?*

Mwezi ukipatwa, huonekana na kila aliye upande wa usiku. Kivuli kizito cha Mwezi ni chembamba: kile cha tarehe 2 Agosti 2027 kitakuwa na upana wa kilomita 258 hivi, kikipita Luxor, Misri, hadi Somalia. Kigoma haimo njiani.

*Mwezi ukipatwa, tunaweza kutumia giza hilo kuvua?*

Halitoshi, kaka. Tarehe 7 Septemba 2025 Mwezi ulifunikwa wote kwa dakika 82 tu, kisha mbalamwezi ikarudi.

*Ratiba za mtandaoni zinanichanganya saa.*

Nyingi hufuata saa ya dunia. Ongeza 3 upate saa ya Tanzania, kisha geuza kwa Kiswahili: 17:30 huwa 20:30, yaani saa 2:30 usiku. Angalia na tarehe. 22:00 yao kwetu ni saa 7 usiku, siku imeshabadilika.