Ibada ya pamoja ya makanisa Malindi: namna ya kuipanga

Wiki ya kuombea umoja wa Wakristo ni 18 hadi 25 Januari. Anzeni vikao Novemba, kwani Desemba kila kanisa lina shughuli zake. Chagueni Jumapili saa tisa alasiri: ibada za asubuhi zimekwisha, na Waadventista Wasabato, wanaoitunza Jumamosi, nao watafika.

Msiweke Meza ya Bwana. Wakatoliki hawashiriki komunyo na makanisa mengine, na kulilazimisha jambo hili huvunja ushirika kabla haujaanza. Someni Neno, ombeni, imbeni, pamoja na pambio moja la Kigiriama.

Panapoharibika mara nyingi ni kwenye Baba Yetu. Wakatoliki husema "ufalme wako ufike", wengine "ufalme wako uje". Tena Wakatoliki hunyamaza baada ya "utuopoe maovuni" huku wengine wakiendelea, "Kwa kuwa ufalme ni wako". Sauti hugongana, watu wakaona haya. Chapeni maneno mtakayokubaliana, nakala moja kwa watu wawili.

Sadaka ihesabiwe palepale na watu wa makanisa mawili tofauti, kiasi kitangazwe.