Unaanza skrambla nje ya lami? Waulize watu wa boda kwanza

Wenye skrambla mpya hapa Nairobi, yaani pikipiki za kupita njia mbovu, msikimbilie milima na mawe wiki ya kwanza jamani. Toka na barabara ya Magadi, pita Kiserian, ukishavuka Kona Baridi anza kuangalia njia za vumbi zinazochepuka kutoka kwa lami, halafu simama stejini uwaulize vijana wa boda njia gani wanapitisha mama na mtungi wa maji nyuma bila kumshusha. Hiyo ndiyo yako, kama wao wanapita na mzigo na tairi za lami wewe utapita, na ukichoka lami bado iko karibu.

Uliza pia kama mvua imenyesha jana, hasa ukielekea Kitengela na Isinya, maana ule udongo mweusi ukilowa unajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu la mbele linakataa kuzunguka, mimi nilichokoa na kijiti karibu saa nzima. Kokoto zikianza simama kwenye vikanyagio, magoti yabane tangi, usishike breki ya mbele kwa nguvu. Na ukiona ng'ombe, zima injini kabisa, mchungaji apite kwanza.